Nati Saba Zilizobaki Juu

Umewahi kumtundika mtoto wa mwenzako hewani kwa nati ambayo hukuipima?

Verlyn Meints aliwahi. Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa saba mwaka 1996, saa nne kasorobo asubuhi, naye yuko juu ya ngazi katika bustani ya mji wa Sutter Grove, Iowa, akipiga mluzi. Nati zilikuwa nne. Kila moja aliianza kwa vidole, kama mkereza vyuma yeyote anavyofanya, halafu akaikaza kwa spana ya robo tatu ya inchi. Spana ilishika vizuri, haikucheza. Mizunguko mitatu ya kwanza nati ililegea kidogo, akadhani ni grisi. Wa nne ikabana. Akaisukuma kwa bega, ikasogea, ikabana zaidi, naye akaridhika. Akashuka, akakunja ngazi, akaenda kula mkate wa nyama ya kusaga kwenye hema la akina mama wa Kilutheri.

Miji mingine ya jirani ilikodi michezo ya sikukuu kutoka kwa makampuni yanayozunguka na malori. Sutter Grove ilikuwa na yake. Mji wenyewe ulimiliki farasi wa mbao wa kuzunguka, magari madogo ya kugongana, na bembea kubwa ya mota iliyozungusha viti ishirini na vinne hewani. Kila mwaka, sikukuu ya mji ya Siku za Walowezi ikifika, kinyozi alishika mkono wa kuendeshea bembea, karani wa shule alikata tiketi, na Verlyn alikagua kila kitu chenye bolti. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka kumi na saba bila malipo, na hakuna mtoto aliyewahi kuchubuka hata goti.

Bembea hiyo ilikuwa imetengenezwa Ulaya. Mji uliinunua ikiwa imeshatumika, kutoka kwa kampuni ya sarakasi iliyofilisika kule Illinois. Kila kiti kilining'inia kwa minyororo iliyoshikwa na bolti mbili, na bolti zote zilikuwa za milimita kumi na mbili. Verlyn alilijua hilo kama unavyojua kwamba jirani yako ni Mkatoliki: unalijua, na halikukoseshi usingizi.

Kwa sababu Verlyn alikuwa mtu wa inchi. Alikereza vyuma miaka thelathini na minne katika kiwanda cha pampu, maili ishirini na mbili kutoka nyumbani. Kiwanda kilitoa mashine tu. Vifaa vya kupimia kila mtu alijinunulia mwenyewe, na Verlyn alivikusanya kimoja kimoja tangu ujana wake, akavipanga katika kisanduku cha mbao ya mwaloni, kila kimoja katika droo yake. Vyote vilisoma inchi. Aliweza kupitisha ukucha juu ya chuma akakwambia kimezidi sehemu mbili za elfu za inchi, ukapima ukakuta kasema kweli. Kumwambia mtu huyo ahamie milimita ilikuwa sawa na kumwambia atupe kisanduku chake, pamoja na vidole vyake.

Na walimwambia. Mwaka 1977 ulipokuja mpango wa kuweka vibao vya kilometa barabarani, watu wa Sutter Grove walijaa katika ukumbi wa mazoezi wa shule, na Verlyn, ambaye hakuwa msemaji, alisimama.

"Barabara zetu zimeachana maili moja moja," alisema. "Maili moja, shamba, maili moja, shamba, kutoka hapa mpaka macho yanapokoma. Babu zetu waliikata nchi hii hivyo. Sasa mtatuwekea vibao viseme ni kilometa moja nukta sita na kitu? Au mtazing'oa barabara mzisogeze?"

Watu walipiga makofi mpaka ukumbi ukavuma. Mpango ulikufa, huko na kwingine kote.

Ukiuliza kwa nini Wamarekani bado wanapima kwa inchi na ratili, watu watakwambia ni kiburi. Si kiburi peke yake. Ni visanduku vya mwaloni, na barabara za maili moja moja, na sheria ya mwaka 1975 iliyosema hamieni mita, ila kwa hiari yenu, na tarehe hatuweki. Nani aliwahi kuhama kwa hiari nyumba anayoipenda? Basi watu wakabaki. Lakini viwanda havikubaki. Magari na matrekta yalianza kuja na bolti za milimita, kimyakimya, mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyeitisha mkutano ukumbini kuwaambia watu kwamba sasa mna vipimo viwili ndani ya kopo moja. Nchi iliyoweza kumpeleka mtu mwezini iliogopa kumkasirisha mkulima. Waliokuja kulipa woga huo ni watu kama Verlyn.

Saa kumi kasoro dakika ishirini alasiri, Verlyn alikuwa katika banda la gari nyumbani kwake. Bembea ilikuwa imefunguliwa saa tisa. Joto lilikuwa digrii tisini na nne kwa hesabu ya kwao, shati limemganda mgongoni, na redio ilikuwa ikitangaza bei ya mahindi. Alikuwa akirudisha vifaa mahali pake. Mfukoni akakuta bolti moja kuukuu aliyoitoa asubuhi kwa sababu kichwa chake kilikuwa kimelika, na nati moja mpya iliyobaki. Mikono ya fundi haikai bure. Akaanza kuzungusha nati kwenye bolti, akisikiliza bei ya mahindi.

Nati ikacheza.

Akaitazama. Akaitikisa, ikagonga huku na huku kama jino bovu. Akaizungusha tena. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, bado inacheza. Wa nne, ikabana.

Verlyn alizima redio. Akafungua droo ya tatu ya kisanduku, akatoa maikromita, kifaa cha kupimia unene, akaibana kwenye bolti. Bolti ilisoma sehemu mia nne na sabini za elfu. Nati ilikuwa ya nusu inchi, maana yake ilitaka bolti ya mia tano. Pengo la sehemu thelathini za elfu. Kwa mtu wa kawaida ni unene wa kadi chache za karata. Kwa Verlyn lilikuwa bonde. Meno ya nati na meno ya bolti hayakukutana. Yalipandana tu, yakasagana, na kule kubana alikokuamini asubuhi kulikuwa ni meno yakikwama vibaya. Spana haikumwambia kitu, kwa sababu nati ya nusu inchi na ya milimita kumi na mbili huingia spana moja.

"Ardith!" aliita. Akaita tena. "Ardith! Kirsten yuko wapi?"

Mkewe alichungulia kwenye mlango wa jikoni, mikono imejaa unga wa pai. "Yuko bustanini tangu saa nane na wenzake. Si ulimpa mwenyewe tiketi za bembea? Baba, mbona umekuwa mweupe hivyo?"

Verlyn alikuwa ameshaingia kwenye pikapu.

Kutoka nyumbani mpaka bustanini ni nusu maili, na siku hiyo nusu maili haikuisha. Matrekta ya zamani yalikuwa yakirudi kutoka kwenye gwaride, yamejipanga barabara nzima, wazee wamekalia viti vyake wakipungia watu mikono. Verlyn alipiga honi. Mzee mmoja akageuka, akacheka, akampungia na yeye. Verlyn akaliacha pikapu katikati ya barabara, mlango wazi, akakimbia.

Aliisikia bembea kabla ya kuiona: ule mlio wa mota, na watoto wakipiga kelele za raha. Kelele hizo alizipenda miaka kumi na saba. Leo kila moja ilimchoma, kwa sababu hakujua ni ipi itakayogeuka kuwa yowe la hofu. Alipopita hema la pai aliiona yote, viti vimetanda hewani, futi ishirini juu ya nyasi, miguu ya watoto imeelekea nje. Kando ya uzio watu walikuwa wamesimama na mahindi yao ya kuchemsha yanayochuruzika siagi, wakitazama juu.

Macho yake yalitafuta fulana ya njano. Akaiona. Kirsten, mjukuu wake wa miaka tisa, alikuwa kiti cha tisa.

Nati alizobadilisha zilikuwa za kiti cha tatu na cha nne. Si cha tisa. Moyo wake ukashuka ukatulia, na papo hapo akaona aibu iliyomwunguza masikio. Kwa sababu kiti cha tatu kilikuwa na mtoto, na cha nne kilikuwa na mtoto, na watoto hao walikuwa wa watu.

Dwaine Kruse, yule kinyozi, alikuwa kibandani ameshika mkono wa bembea, kofia imerudi kisogoni. "Ona huyu," alisema alipomwona. "Umekimbia kuwahi zamu? Watu wenye miguu kama yako hupanda bure."

"Dwaine." Verlyn alimshika mkono juu ya kiwiko. "Teremsha bembea. Polepole. Usiguse breki."

"Wameanza sasa hivi, bwana, bado dakika—"

"Usiguse breki. Ukigusa breki minyororo itavuta kwa mshtuko. Punguza moto kidogo kidogo. Usiseme kitu."

Dwaine alimtazama usoni, na utani ukamwisha. Akashusha mkono wa bembea kwa upana wa kidole. Akangoja. Akashusha tena.

Verlyn aliwahi kuona ajali kiwandani. Aliwahi kumwona mtu akipoteza vidole vitatu, na yeye ndiye aliyemfunga jeraha. Hakuwahi kuogopa hivi. Wakati ule jambo lilikuwa limeshatokea; sasa lilikuwa bado. Kila kiti cha tatu kilipopita alikifuata kwa macho mpaka kikapotea nyuma ya nguzo, akaacha kupumua mpaka kitokee tena. Mtoto wa kiti cha tatu alikuwa mvulana mnene wa shule, kaachia minyororo, kanyoosha mikono kama ndege. Wa nne alikuwa msichana mdogo sana, kafumba macho. Verlyn alitaka kupiga kelele kumwambia yule mvulana ashike mnyororo, kisha akakumbuka kwamba kushika mnyororo hakutamsaidia, kwa kuwa mnyororo ndio utakaoondoka.

"Mbona inashuka mapema?" mtu aliuliza kwenye uzio. "Jamani, hatukulipia robo ya mchezo!"

Futi kumi na tano. Kumi. Viti vikaanza kuning'inia wima. Sita. Viatu vikagusa nyasi. Bembea ikasimama, na watoto wakalalamika kwa sauti moja.

Verlyn alikuwa amekaa chini. Hakukumbuka alikaa saa ngapi. Kirsten alimjia mbio. "Babu! Mbona mmetudhulumu? Nirudishie tiketi yangu."

"Nenda kwa bibi yako," alisema. "Nenda sasa hivi, mwanangu. Mwambie akupe pai."

Walifunga uzio kwa kamba, wakaegesha ngazi. Verlyn hakuhitaji spana kubwa. Nati ya pili ya kiti cha tatu ilitoka kwa vidole, na ilipotoka vumbi la chuma linalong'aa likamdondokea kiganjani. Yalikuwa meno ya bolti, yamesagika yakawa unga. Ndani ya saa moja ya mchezo, nusu ya meno yalikuwa yameisha.

Lavonne Tjaden, yule karani wa shule, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya sikukuu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita watoto kutoka upande wa pili wa uwanja. Alikuja akiwa bado amening'iniza mkoba wa tiketi, akasikiliza, akatazama ule unga kiganjani mwa Verlyn.

"Haya," alisema. "Mungu katuokoa. Umezitoa zote nne?"

"Nimezitoa."

"Basi viti viwili hivyo tuvitoe, tufungue kwa viti ishirini na viwili. Watu wamejipanga, Verlyn. Kesho ndiyo siku yenyewe."

Verlyn alifungua mdomo kusema sawa. Ilikuwa rahisi kusema sawa. Lakini kichwani mwake kulikuwa kumeshaanza jambo jingine, baridi, likitambaa taratibu. Zile nati zilitoka wapi? Alizitoa kwenye kopo la kahawa lililoandikwa BEMBEA. Na kopo lilizipata wapi? Nati za Ulaya ziliisha majira ya baridi mwaka juzi. Alikwenda dukani na nati moja mkononi, akaipima kwa spana, spana ikatosha, akanunua mfuko. Nati ishirini na tano. Akazimimina kwenye kopo.

"Ngoja," alisema.

Alirudi nyumbani, akamwaga kopo juu ya meza ya kazi, akaongeza ile nati aliyoikuta mfukoni, akahesabu. Akahesabu tena. Akamwita Ardith ahesabu naye, bila kumwambia kwa nini. Kila mara zilikuwa kumi na nne.

Ishirini na tano, toa kumi na nne, ni kumi na moja. Toa nne za leo. Zimebaki saba.

Nati saba zilikuwa juu ya ile bembea, mahali fulani, tangu mwaka juzi, mwaka jana, au masika haya. Hakuandika popote. Kwa nini aandike? Nati ni nati. Na baada ya hapo alikuwa amezipaka zote rangi nyekundu kwa mkono wake, mara mbili, ili zipendeze. Kiti cha tisa sasa hakikuwa salama kuliko cha tatu. Kirsten alikuwa amepanda bembea hiyo majira mawili ya joto mfululizo, huku babu yake akimpigia picha.

Aliporudi bustanini jua lilikuwa bado juu, saa moja kasoro jioni, na Dwaine na Lavonne walikuwa wakimngoja kibandani. Aliwaambia yote. Alisema polepole, akiwa ameushika ukingo wa meza.

"Nazifungua zote," alimaliza. "Arobaini na nne zilizobaki. Nitahitaji siku mbili kwa ile rangi, na nati za saizi yake ziko Des Moines, maduka ya vyuma yanafunguliwa Jumatatu."

"Jumatatu sikukuu imekwisha," Lavonne alisema.

"Najua."

"Bembea ndiyo inayoleta watu, Verlyn. Bila bembea tuna farasi wa mbao na pai."

Dwaine alijikuna kidevu. "Mimi nauliza tu, usinikasirikie. Kama ziko juu tangu mwaka juzi na hazijaanguka, si zimeshika? Chuma kimezoeana na chuma."

"Chuma hakizoeani, Dwaine. Kinalika."

"Na unajuaje kama ni saba? Huenda mbili uliziweka kwenye mashine yako ya kukatia majani. Huenda moja imelala chini ya pikapu." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Tena wewe! Mwaka sabini na saba ulisimama pale shuleni ukatuambia milimita ni mambo ya Wafaransa. Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikaniuma. Leo ndiyo unatuambia milimita inaua?"

"Nilisema barabara," Verlyn alijibu. "Sikusema bolti." Hata masikioni mwake lilikuwa jibu la mtoto. "Nilikosea. Basi. Andikeni popote mnapotaka kwamba Verlyn Meints alikosea. Lakini hakuna mtu atakayekalia kitu hiki."

"Huna mamlaka hayo peke yako, ndugu yangu," Lavonne alisema, si kwa ukali. "Kamati ina watu saba."

Verlyn alinyoosha mkono, akachomoa ufunguo wa mota kwenye kisanduku cha umeme, akautia mfukoni. "Iteni kamati," alisema. "Wakija watanikuta hapa hapa."

Muziki wa farasi wa mbao ulikuwa ukizunguka na wimbo wake ule ule.

Lavonne ndiye aliyepata njia. "Tufanye hivi. Kesho saa mbili asubuhi, kabla watu hawajafika, tupakie viti ishirini na viwili magunia ya mbegu za mahindi. Ghala lina mbegu zilizobaki. Gunia lina ratili hamsini. Kila kiti magunia matatu. Hata mimi sina uzito huo." Dwaine alikohoa, naye akamkazia macho. "Tuizungushe nusu saa nzima, kasi ya mwisho. Kikianguka kitu, tumefunga, na mimi mwenyewe nitasimama kwenye kipaza sauti kusema. Kisipoanguka kitu, saa nne tunafungua, na wewe unatupa ufunguo bila maneno. Hiyo ni haki?"

Ilikuwa haki. Mtu yeyote angesema ni haki. Verlyn alikubali, wakapeana mikono, na alipokuwa akienda kwenye pikapu ndipo alipoelewa alichokubali. Magunia yangeweza kushika. Nati mbovu iliyovumilia majira mawili ingeweza kuvumilia nusu saa nyingine, ikaachia saa sita mchana. Alikuwa amewauza watoto wa mji mzima kwa nusu saa ya bahati.

Usiku huo alilala na nguo. Ardith aliushika mkono wake. Mara moja tu alisema, "Usiwape ufunguo," naye akajibu, "Nimeshaahidi."

Asubuhi iliyofuata nyasi zilikuwa na umande na bustani ilinuka vitunguu vya jana. Walifika watu tisa: Lavonne, Dwaine, wanakamati wengine, na kijana wa ghala aliyeleta lori. Walifunga magunia kwenye viti kwa kamba za manila, matatu matatu. Verlyn alizunguka akikagua kila fundo, akigusa kila mnyororo, asione kitu. Nati zote zilikuwa nyekundu. Zote zilifanana.

Akatoa ufunguo, akampa Dwaine.

Mota ikanguruma. Viti vikainuka, vikatanda, magunia yakaelekea nje kama watu wanene waliolala. Verlyn alisimama ndani ya uzio mpaka Lavonne alipomvuta kwa shati arudi nyuma ya lori pamoja na wengine. Verlyn alikuwa ameikazia macho saa yake ya mkononi.

Dakika tano. Dakika nane. Mwanakamati mmoja alianza kuzungumzia mvua. Dakika kumi na mbili, Dwaine alitoa kichwa kibandani, akapaza sauti, "Nzima kama jiwe!" na mtu akacheka. Kwa mbali, langoni, familia ya kwanza ilikuwa imefika mapema, mama, baba na watoto watatu, wamesimama nyuma ya kamba wakiuliza kama wanaweza kuanza kupanga foleni.

Dakika kumi na tano. Verlyn alijikuta akiomba, na alipolisikia lile ombi kichwani mwake aliogopa hata zaidi, kwa sababu alikuwa akiomba kitu kianguke.

"Nusu imekwisha," Lavonne alisema. "Verlyn, pumua."

Dakika ya kumi na tisa kulisikika mlio mdogo, mkavu, kama kijiti kinavunjwa. Kiti cha kumi na nne kilipinda upande mmoja. Kilining'inia hivyo nusu mzunguko, kwa bolti moja, magunia yamelala ubavu, na Verlyn akapata nafasi ya kusema neno moja, "Dwaine!" Halafu mnyororo wa pili ukachomoka. Kiti, pamoja na ratili mia moja na hamsini za mahindi, kilipaa juu ya uzio bila sauti, kikapita juu ya kibanda cha tiketi, kikapiga meza mbili za hema la pai, kikabiringika, kikakoma kwenye shina la mti wa mwaloni. Magunia yalipasuka. Mbegu, zilizopakwa dawa ya rangi ya waridi, zilimwagika kutoka kibandani mpaka mtini kwa mstari mrefu.

Dwaine hakugusa breki. Alishusha mkono wa bembea kwa upana wa kidole, akangoja, akashusha tena, machozi yakimtiririka waziwazi. Viti ishirini na kimoja vilianza kuteremka.

Langoni yule mama alikuwa amewakumbatia watoto wake watatu wote kwa pamoja, kawaficha nyuso tumboni mwake. Lavonne aliweka chini mkoba wa tiketi, akaenda kwao akitembea juu ya mbegu, akaanza kufunga kamba ya lango, fundo juu ya fundo.